Fahamu: Mdudu wa Kosovo aliyepewa jina la korona, na jinsi spishi mpya inavyotambuliwa

Aprili 2021, dunia ikiwa bado inahesabu wagonjwa wa UVIKO-19, jarida la kisayansi la Biodiversity Data Journal lilitangaza jina jipya: Potamophylax coronavirus.

Si kirusi. Ni mdudu mdogo mwenye mabawa, aliyepatikana milimani magharibi mwa Kosovo, kwenye bonde la mto Lumbardhi i Deçanit. Timu iliyomwelezea iliongozwa na Profesa Halil Ibrahimi wa Chuo Kikuu cha Prishtina.

Jina lilisambaa haraka mitandaoni. Lakini swali zuri zaidi halikuulizwa sana: walijuaje kwamba ni spishi mpya? Mdudu mwenyewe alikusanywa miaka kadhaa kabla ya korona. Ukimweka mezani pamoja na ndugu zake, kwa macho matupu hutaona tofauti.

Jibu liko kwenye ncha ya tumbo la dume, sehemu ndogo kama punje ya ulezi.

Ni mdudu gani huyu?

Yumo kwenye kundi linaloitwa Trichoptera. Kiswahili hakijampa jina linalojulikana na wengi, kwa hiyo hapa tumwite trikoptera. Neno hilo limetoka kwenye Kigiriki, maana yake ni "bawa lenye nywele". Na kweli, mabawa yake yamejaa vinywele. Kipepeo na nondo, ambao ndio ndugu zake wa karibu zaidi, wao wana magamba madogo sana, ile poda inayobaki vidoleni ukiwashika.

Huenda umeshamwona bila kumjua. Ukiwasha taa ya nje usiku karibu na mto, huja akizunguka kama nondo mwembamba. Akitua, hulaza mabawa juu ya mgongo yakaonekana kama paa la nyumba, vipapasio vyake virefu vikielekea mbele.

Dunia nzima zinajulikana spishi zaidi ya 16,000 za trikoptera. Maisha yao marefu hayako hewani, yako majini. Mdudu mzima huishi siku au wiki chache tu. Lava yake hukaa chini ya maji kwa miezi mingi, wengine mwaka au zaidi, na hapo ndipo penye vituko: lava hutoa hariri mdomoni na kuitumia kama gundi. Wapo wanaojijengea nyumba ya mchanga, wapo wa vipande vya majani, wapo wa vijiti, kila mmoja na mtindo wake. Wengine hawajengi nyumba, wanatega nyavu kwenye mkondo na kusubiri chakula kiletwe na maji.

Kumkamata

Kazi huanza mtoni. Njia rahisi ni wavu wa mkono, unapiga kwenye vichaka vya kando ya maji. Usiku hutumika taa ya mwanga wa urujuani juu ya shuka jeupe au beseni lenye maji au spiriti. Na kuna mtego unaofanana na hema, uitwao Malaise kwa jina la Mswidi René Malaise aliyeubuni miaka ya 1930. Mdudu akigonga kitambaa hupanda juu kutafuta mwanga, na juu kabisa kuna chupa inamsubiri. Mtego huo unaweza kuachwa mtoni kwa wiki nzima bila mtu.

Halafu vielelezo huhifadhiwa kwenye alkoholi. Ya asilimia 70 hadi 80 inatosha kwa kuangalia maumbile. Kama unataka na vinasaba, inahitajika kali zaidi, asilimia 96 hivi, na chupa zikae kwenye baridi.

Kila chupa lazima iwe na karatasi ndani: mahali, kimo, tarehe, nani kakusanya. Inaandikwa kwa penseli au wino usioyeyuka kwenye alkoholi. Inaonekana ni jambo dogo, lakini kielelezo kisicho na karatasi hiyo, hata kiwe cha ajabu vipi, hakina thamani kubwa. Hujui kilitoka wapi, basi huwezi kurudi kutafuta mwenzake.

Kichwa na miguu kwanza

Mtaalamu hafiki kwenye tumbo moja kwa moja. Kwanza anataka kujua familia, na hiyo inasomwa kichwani, miguuni na kwenye mabawa.

Kichwani anatafuta macho madogo matatu yaliyo katikati ya yale macho makubwa mawili. Baadhi ya familia wanayo, nyingine hawana. Potamophylax ni wa familia ya Limnephilidae, na hao wanayo.

Kisha vipapasio vya mdomoni. Kwenye Limnephilidae dume ana pingili 3 na jike ana pingili 5. Yaani kwa kuhesabu pingili za mdomo tu umeshajua jinsia.

Miguuni kuna miiba mikubwa inayocheza kwenye maungio. Huhesabiwa mguu wa mbele, wa kati, na wa nyuma, kisha huandikwa kama namba ya simu: 1-3-4 ndiyo hesabu ya kawaida kwenye familia hii. Mwishowe ni mishipa ya mabawa, inagawanyika wapi na mara ngapi.

Rangi na ukubwa huandikwa pia, urefu wa bawa la mbele kwa milimita, lakini havitegemewi sana. Spiriti hufifisha rangi. Na mdudu aliyekula vizuri akiwa lava huwa mkubwa kuliko nduguye aliyelala njaa.

Kwa nini ncha ya tumbo, tena ya dume?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Spishi mbili zinaweza kufanana kila kitu, mabawa, miguu, rangi, halafu viungo vya uzazi vya madume vikatofautiana kama funguo za milango miwili.

Mfano wa ufunguo na kitasa umetumika tangu zamani kueleza sababu: kiungo cha dume kinaingia kwa jike wa spishi yake tu. Siku hizi wanasayansi wengi wanaona mambo si mepesi hivyo. Uchaguzi unaofanywa na majike wenyewe unaweza kuvisukuma viungo hivi vibadilike haraka kuliko sehemu nyingine za mwili. Vyovyote iwavyo, matokeo kwa mtaalamu ni yale yale: makundi mawili yakitengana milimani kwa muda mrefu, tofauti mara nyingi huonekana kwanza hapo.

Majike nao wana alama zao, ila kwa spishi nyingi zinafanana mno, na jike aliyekamatwa peke yake mara nyingi hubaki na jina la jenasi tu. Ndiyo maana maelezo mengi ya spishi mpya yanaegemea madume.

Sasa, ili kuona vizuri, tumbo hukatwa na kulowekwa kwenye potasiamu haidroksaidi, kwa kawaida ya asilimia 10 hivi. Ama linapashwa moto taratibu, ama linaachwa usiku kucha. Dawa hiyo hula nyama na mafuta yote, ikabaki gamba tupu kama ganda la kamba aliyekwisha kuliwa. Linaoshwa, linawekwa kwenye tone la gliserini, na hadubini inafanya yaliyobaki.

Kinachotazamwa ni pingili za mwisho, hasa ya 8 na ya 9, na vilivyoota juu yake: viungo vya juu, viungo vya chini ambavyo dume hutumia kumshikilia jike, na uume pamoja na vifimbo viwili vya pembeni ambavyo mara nyingi vina miiba. Kila kimoja kinachorwa kwa ubavuni, kwa juu na kwa chini. Uume hutolewa na kuchorwa peke yake.

Mbona wachore wakati kamera zipo? Kwa sababu kwenye ukuzaji mkubwa picha huona tabaka jembamba tu, juu na chini kukawa ukungu. Na mchoro unamlazimisha mtu kuamua: ukingo huu una kibonyeo au hauna? Ncha hii ni ya mviringo au imechongoka? Bila kuamua, mstari hauchoreki.

Hapo pia ndipo penye mtego. Ukiinamisha tumbo kidogo tu, kiungo kifupi kinaonekana kirefu, na tayari umepata "spishi mpya" ambayo ni kosa la mkono wako. Au unapata dume mmoja mwenye kilema. Dawa yake ni moja, vielelezo vingi. Kama alama ile ile inajirudia kwa madume kadhaa, hapo unaweza kuanza kuiamini.

Kumlinganisha na waliotangulia

Neno "mpya" halina maana kwamba mdudu kazaliwa juzi. Maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kumpa jina. Ili kusema hivyo inabidi uwe umewapitia wote waliopewa majina.

Kwa Ulaya kazi hii ina msaada mkubwa: kitabu cha michoro cha Hans Malicky wa Austria, kilichotoka 1983 na kutolewa tena 2004, kinachoonyesha viungo vya uzazi vya trikoptera wa bara hilo ukurasa baada ya ukurasa. Unaweka mchoro wako pembeni na kuanza kufungua.

Mdudu wa Deçan aliangukia kwenye kundi dogo linaloitwa kundi la Potamophylax winneguthi, lenye spishi zilizotawanyika kwenye milima ya Balkan, kila moja na eneo lake dogo. Tofauti zao ziko kwenye umbo la sehemu za mwisho za dume, na kwa Potamophylax coronavirus sehemu hizo hazikulingana na za yeyote kati yao.

Timu ilipima na vinasaba. Kwa wanyama hutumika sana kipande cha jeni iitwayo COI, chenye herufi 658. Vinasaba vilikubaliana na hadubini: huyu ni tofauti. Kwa maoni yangu mpangilio huo una busara. Vinasaba peke yake vinakwambia kuna tofauti kiasi gani, ila mtu aliyesimama mtoni na kioo cha kukuzia anahitaji kitu anachoweza kukiona.

Jina lina sheria zake

Kuna kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, zinazoanzia kwenye kitabu cha Linnaeus cha mwaka 1758. Kwa majina yaliyotolewa baada ya 1930 haitoshi kutangaza jina na kupiga picha. Lazima uandike kwa maneno ni alama gani zinamtofautisha mnyama wako na wengine.

Na tangu 2000 lazima uteue kielelezo cha msingi. Mara nyingi ni mdudu mmoja tu, ambaye jina linamfuata yeye daima na ambaye huitwa holotaipu. Wenzake waliotumika kwenye maelezo huitwa parataipu. Miaka 100 ijayo mtu akibisha, hatabishana na maandishi. Atakwenda kwenye mkusanyiko uliomhifadhi, aombe chupa, atazame ncha ile ile ya tumbo.

Jina lenyewe mgunduzi anachagua. Ibrahimi na wenzake walikuwa wakimalizia maelezo yao wakati wa janga, wakaamua mdudu abebe kumbukumbu ya kipindi hicho. Lakini walieleza pia maana ya pili: kuna janga jingine la kimya kimya, linalopiga viumbe wa mito ya Kosovo.

Mto wenyewe

Lumbardhi i Deçanit unashuka kutoka milima ya Bjeshkët e Nemuna, maana yake Milima Iliyolaaniwa, kwenye mpaka wa Kosovo, Albania na Montenegro, ukaingia mto Drini Mweupe. Upande wa Kosovo milima hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2012.

Hata hivyo kwenye bonde hilo kuna umeme wa maji. Kwa mitambo ya milimani mara nyingi hakuna bwawa kubwa kama unavyofikiria. Maji huchepushwa juu, yakapita kwenye bomba kilomita kadhaa, yakaangukia mitambo chini. Kipande cha mto kilichorukwa hubaki na maji kidogo. Mawe yanakauka, maji yaliyobaki yanapata joto, matope yanatuama. Bonde la Deçan likageuka uwanja wa mvutano kati ya wanasayansi na wanaharakati upande mmoja, na waendeshaji wa umeme upande mwingine.

Kwa trikoptera wa milimani hilo ni suala la pumzi. Lava wengi hupumua kwa matamvua, na maji ya baridi yanayokwenda kasi ndiyo yenye oksijeni nyingi. Mdudu mzima si mrukaji hodari wa masafa marefu, hivyo kijito cha mlima kwake ni kama kisiwa. Kikikauka, hana ng'ambo ya kukimbilia. Waandishi walisema wazi kwamba spishi hii ina eneo dogo sana na inaumizwa kirahisi na shughuli zinazoendelea mtoni humo.

Na hapa utaona kwa nini vibonyeo na miiba ya milimita moja vina uzito. Mradi ukipimwa athari zake, huorodheshwa viumbe vilivyopo. Kama mdudu hana jina, kwenye orodha ataingia kama "Potamophylax fulani", na Potamophylax wapo sehemu nyingi za Ulaya, kwa hiyo haonekani kupungua. Akiwa na jina na ramani ya kijito kimoja, hesabu inabadilika.

Tatizo ni muda. Uchunguzi uliochapishwa 2012 ulikadiria kwamba spishi mpya hukaa wastani wa miaka 21 tangu kukusanywa hadi kuelezewa. Vielelezo vimejaa kwenye rafu za makumbusho, ila wanaojua kuzisoma zile ncha za tumbo ni wachache. Miaka 21 inatosha kabisa kuchepusha mto.

Hata wasio na majina wanahesabiwa

Huku kwetu trikoptera hutumika kupima afya ya mito. Tanzania ina mfumo uitwao TARISS, uliotokana na ule wa Afrika Kusini, SASS. Unakoroga mawe, unakinga wavu, unamwaga kwenye sinia, unaangalia nani yumo. Kila familia ina alama zake, wale wasiovumilia uchafu wanapewa alama nyingi.

Kwenye SASS toleo la 5 kuna kipengele kinachohusu jambo letu moja kwa moja. Familia ya trikoptera wanaotega nyavu, Hydropsychidae, hupewa alama 4 ukikuta aina moja tu, 6 ukikuta mbili, na 12 zikizidi mbili. Mpimaji haulizwi majina. Anaulizwa kama anaweza kuona kwamba huyu si yule. Basi hata pale mtoni, mtu akiwa na gambuti na sinia jeupe, jicho la kutofautisha maumbo ndilo linaloamua alama ya mto.

Ugumu ni kwamba sinia hukusanya lava, na majina ya spishi yamewekwa kwenye madume yenye mabawa. Utamuunganishaje lava na mzee wake? Unaweza kumfuga hadi aote mabawa, lakini lava wa maji ya baridi hufa ovyo ndani ya chombo. Kuna ujanja wa zamani, na mimi naupenda kuliko yote: tafuta pupa aliyekomaa. Kwa spishi nyingi zinazojenga nyumba, pupa hukaa ndani ya nyumba ile ile ya lava, na vipande vigumu vya ngozi ya lava hubaki humo humo pamoja naye. Ndani ya ngozi ya pupa, viungo vya dume tayari vimeshaumbika. Ukifungua nyumba moja ya namna hiyo unapata lava na baba mtu kwa pamoja, bila kubahatisha. Siku hizi vinasaba vinafanya kazi hiyo pia, unalinganisha COI ya lava na ya dume.

Kurudi Kosovo, makala ile ya Aprili 2021 haikuishia kwa mdudu mmoja. Uchambuzi wake ulionyesha spishi nyingine chache kutoka milima iliyojitenga ya Balkan ambazo nazo zinaonekana kuwa mpya. Hazikupewa majina. Zinasubiri vielelezo zaidi vikusanywe kwanza.